Kulinda Mizinga ya Nyuki Mitini Isiibiwe: Mwongozo kwa Wafugaji wa Malindi na Vitongoji Vyake

Kuku anaweza kuibiwa na yeyote mwenye njaa na mkono mwepesi. Mzinga wa nyuki unaibiwa na mtu anayejua nyuki. Anajua kuwasha moshi, anajua usiku nyuki hawaruki, anatambua kwa kupapasa sega lililoiva na lisiloiva, na keshajua asali ile ataipeleka kwa nani kabla jua halijapanda. Watu wenye ujuzi huo na ujasiri huo ni wachache katika kijiji chochote, uwe unakaa Jilore, Kakuyuni, Ganda au Langobaya. Kikulacho ki nguoni mwako. Kila unachotaka kukifanya kuulinda mzinga wako, kipime kwanza kwa mtu huyo: je, kitamsumbua yeye, au kitawasumbua watoto tu na wachanja kuni?

Nimeandika kwa ajili ya anayeanza na mizinga miwili mitatu shambani, na pia kwa mwanakikundi mwenye mizinga kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke au kwenye mikoko ya Mida. Mambo hayatofautiani sana.

1. Hakikisha kwanza kwamba ni mwizi

Lawama si haba zinazomwangukia jirani ilhali mkosaji ni nyegere. Kabla hujamtaja mtu, nenda mtini mchana kweupe ukaangalie vizuri, na mkono usiguse kitu.

Nyegere hana adabu. Huuangusha mzinga, akaupasua, na kwenye gome la mti utaona michirizi ya kucha, mingine mibichi bado inatoa utomvu. Zaidi ya yote, anakula majana. Ukikuta masega yenye watoto wa nyuki yametafunwa na kutapakaa, na asali imemwagika bila mpango, huyo ni mnyama.

Mtu anataka asali. Majana hayamfai, kwa hiyo huyakata na kuyatupa hapo hapo chini, mara nyingi yakiwa mazima. Tafuta jivu la makuti au la matambara: mwizi asiye na bomba la moshi hutumia mwenge, na mwenge huacha masizi mdomoni mwa mzinga na nyuki waliokufa wakiwa wameungua mabawa. Angalia ncha za waya. Waya uliokatika kwa kuchakaa huwa umeliwa na kutu na umechongoka. Uliokatwa kwa koleo una ncha bapa inayong'aa. Angalia pia mfuniko. Mnyama haurudishi mahali pake. Kuna wezi wanaourudisha, wakaweka na jiwe juu, ili ukija wiki mbili baadaye udhani nyuki wamehama wenyewe.

Kama ni nyegere, dawa yake ni rahisi: zungushia shina mkanda mpana wa bati laini asipate pa kushika kucha, na uning'inize mzinga kwa waya mbali na shina na matawi. Yaliyobaki kwenye mwongozo huu yanamhusu binadamu.

2. Jua anachokitaka

Kuna mwizi wa asali, mwizi wa mzinga wenyewe, na mwizi wa vipande: bati la mfuniko, waya, mbao.

Mwenye mizinga ya magogo hana haja ya kuhangaika na mnyororo, kwani gogo halina soko. Kinachoibiwa ni asali iliyomo ndani. Mwenye mizinga ya kisasa ndiye wa kuogopa yote mawili. Mzinga wa Langstroth, ule wa masanduku yenye fremu za mbao za kushikia masega, ni mali ya elfu kadhaa za shilingi, umetengenezwa kwa vipimo maalumu, na fremu zake zinaingia kwenye mzinga wa mtu mwingine yeyote wa aina hiyo. Sifa hiyo inayomrahisishia mfugaji kazi ndiyo inayomrahisishia mwizi biashara. Mzinga wa pao za juu, ule wenye umbo la hori unaojulikana kwa jina la Kenya tangu miaka ya 1970, uko katikati: hauna thamani kama wa Langstroth, lakini hubebeka kwa boda boda.

3. Mahali

Wengi hukimbilia kuuficha mzinga ndani kabisa ya kichaka. Mimi naona ni kosa. Mzinga ulio porini peke yake unampa mwizi usiku mzima wa kufanya kazi bila haraka, na wewe utajua umeibiwa siku utakayokwenda kurina. Mahali pazuri ni pale ambapo mzinga hauonekani kutoka barabarani, ila njia ya kuufikia inaonekana kutoka uani kwa mtu. Mwizi akipita na ndoo usiku, mbwa wa nyumba ile abweke.

Usiusogeze karibu mno na nyumba, lakini. Nyuki wetu wa pwani ni wakali, na mzinga ukitikiswa mchana huweza kuua mbuzi aliyefungwa kamba, hata mtu. Mimi hukaa mita 300 au zaidi kutoka shule, njia ya watu na mahali pa kufungia mifugo, kisha napanda michongoma au mkonge kuzunguka. Ua wa miiba unawalazimisha nyuki waruke juu ya vichwa vya watu, na unambakishia mwizi mlango mmoja tu wa kuingilia. Mlango huo uelekee upande wenye macho.

Kisha ondoa vinavyouita mzinga. Bati jipya likipigwa na jua la saa sita linaonekana kutoka mbali sana. Lifunike kwa makuti. Makuti yale yale yatapunguza joto ndani, jambo ambalo mfugaji wa huku analihitaji sana miezi ya kaskazi, nta inapolainika na masega kukatika. Mzinga wenyewe upake rangi iliyofifia inayofanana na gome, achana na ile nyeupe inayometa. Mwembe, mkwaju na mkorosho una majani mazito yanayoficha mwaka mzima. Mbuyu ni mti mzuri, ila hupukutika wakati wa kiangazi na mzinga ukabaki unaning'inia hadharani.

Na usipite njia moja kila siku. Kijia kilichochongwa na miguu yako kikaishia chini ya mti kinamweleza mpitanjia kila kitu.

4. Urefu na ngazi

Huko Marekani wawindaji wa kulungu hufunga viti na majukwaa juu ya miti, wakayaacha porini msimu mzima, nao wanalia na wezi vilevile. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo jukwaa tunalolijua ni dungu la kuamia ndege mpungani. Lakini wawindaji wale wana desturi moja inayofaa kuigwa: mwindaji akishuka huondoka na vipande vya chini vya ngazi yake, vya juu akaviacha. Mwizi aje na ngazi yake mwenyewe, na mtu anayetembea na ngazi usiku ana maswali ya kujibu.

Fanya hivyo hivyo. Usichonge mipando kwenye shina, usipigilie misumari ya kukanyagia, na usiache ngazi shambani hata kwa siku moja. Kama umeutundika kwa kamba na kapi ili uushushe wakati wa kurina, ondoka na kamba. Acha kijikamba chembamba tu kinachopita kwenye kapi, ambacho utakitumia kuvutia kamba nene ukirudi. Kijikamba hicho kiwe cha rangi ya udongo, na ncha zake zifungwe juu, zisifikiwe na mtu aliyesimama chini.

5. Mnyororo na kufuli

Mnyororo haumzuii mwizi, unamchelewesha. Lakini kumchelewesha mtu aliyesimama gizani na nyuki walioamshwa si jambo dogo.

Kosa la kawaida ni kupitisha mnyororo kwenye mshikio wa mbao. Mshikio unang'olewa kwa nyundo mara mbili, na mnyororo wako ukabaki mtini ukiwa mzima kabisa. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akukunjie mkanda wa chuma bapa unaouzunguka mzinga mzima, chini, ubavuni na juu ya mfuniko. Ncha mbili za mkanda zikutane zikiwa na matundu ya kupitisha kufuli, na kufuli hilo hilo lishike mnyororo unaozunguka shina. Hapo umefunga mambo mawili kwa ufunguo mmoja: mfuniko haufunguki, na mzinga hauondoki. Tumia bolti badala ya misumari, zenye vichwa vya duara visivyoshikika kwa spana, na nati ziwe ndani.

Funga kwenye shina au tawi nene. Tawi la unene wa mkono, mwizi ataliacha kufuli lako kama lilivyo na kulikata tawi.

Mti nao una haki yake. Pitisha mnyororo ndani ya kipande cha mpira wa maji ili usikate gome, na kila mwaka ulegeze kidogo, kwani mti unanenepa. Mnyororo uliosahaulika hunyonga mti ukakauka, na ukishakauka hauna kivuli, hauna maua, na utaanguka na mzinga wako.

Halafu kuna chumvi. Kufuli la bei nafuu karibu na bahari, Mida au Mambrui, halichukui muda kugoma, na utajikuta wewe mwenye mali ndiye unayelikata kwa msumeno. Chagua la shaba ya manjano, tundu la ufunguo liangalie chini, na ulifunike kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Lipake grisi mara kwa mara. Grisi hiyo hiyo ipake na kwenye waya za kutundikia: siafu hawatapita.

Kazi yote ya kutoboa, kupima na kugonga ifanye nyumbani mzinga ukiwa mtupu. Ukikumbuka mkanda wa chuma baada ya nyuki kuhamia, subiri jioni, vaa ovaroli, wavu na glavu, washa bomba la moshi, na usitumie kitu chochote cha kutetemesha mbao.

6. Chapa

Kama fedha inatosha jambo moja tu katika haya yote, nunua kipande cha chuma cha chapa, uache kufuli. Kufuli linapambana na mwizi usiku mmoja. Chapa inapambana na mnunuzi siku zote.

Mwambie fundi akutengenezee herufi za kwanza za jina lako au za kikundi, na namba. Pasha kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, chomea ubavuni kwa nje ambapo kila mtu anaona. Kisha chomea sehemu ambazo mwizi hatazifikiria: upande wa chini wa sakafu, ndani ya ukuta wa nyuma, na juu ya kila fremu au kila pao. Hapa kwenye pao ndipo wengi wanapozembea, nao mwizi mjanja huliacha sanduku na kuchukua fremu. Chapa ya nje inaweza kupigwa randa. Ya kumi na tano aliyoisahau ndani ndiyo itakayomuumbua. Ongeza alama moja ya siri unayoijua wewe peke yako, kwa mfano tundu dogo la msumari mahali fulani, na usimwambie hata fundi.

Piga picha kila mzinga kwa simu, kwa mbali na kwa karibu, chapa ikisomeka. Zitume kwa mtu unayemwamini, maana simu nayo huibiwa. Weka risiti za mbao na za fundi kwenye mfuko mmoja.

Vifaa vya kufuatilia, vile vinavyofichwa kwenye pikipiki, watu huniuliza sana. Vinafanya kazi palipo na mtandao na betri yenye chaji. Kwenye mikoko na ndani ya msitu vyote viwili ni vya kubahatisha. Kamera za porini nazo ni ghali, na mwizi akiiona ataondoka nayo pia. Kikundi chenye mizinga mingi kinaweza kununua moja na kuihamisha hamisha. Mtu mmoja mmoja, fedha hiyo ataitumia vizuri zaidi kwingine.

Kibao cha HATARI: NYUKI WAKALI kiweke kwenye njia ya kuingilia, mbali na mti wenyewe. Kinawalinda watoto. Mwizi wetu, kama tulivyosema, anawajua nyuki tayari.

Na fingo, ile kago ya kulinda shamba? Wapo wazee watakaokufingia shamba, na sina la kubishana nao. Nitasema tu kwamba huwatisha wanaoliamini, na mwenye boda boda kutoka mbali haji akiwa ameambiwa. Kama umeweka, weka na kufuli. Sumu kwenye asali, misumari iliyofichwa chini ya majani, na nyaya za umeme ni jambo jingine kabisa: vitu hivyo vinaua, atakayenaswa ni mtoto wa jirani au mchanja kuni, na atakayesimama kizimbani ni wewe.

7. Rina kwa wakati

Mzinga mtupu hauibiwi asali. Sega likishazibwa kwa nta robo tatu yake, asali imeiva. Hakuna faida ya kungoja liwe kamili ilhali mwenzio naye anahesabu siku. Anajua maua yalichanua lini baada ya masika, anajua mikorosho ilitoa maua lini. Ukichelewa wiki mbili, umempa wiki mbili.

Kuwa mwangalifu zaidi kabla ya sikukuu na mwanzoni mwa Januari, karo zinapotafutwa. Rina jioni, wabakizie nyuki chakula chao, beba ndoo zenye vifuniko, na usisimame barazani kuhesabia watu kilo ulizopata. Ukishapeleka sokoni watajua, lakini wakati huo hakuna cha kuiba.

8. Watu

Mwenye shamba ulikotundika apate asali yake kila unaporina, kabla hujauza hata chupa. Vivyo hivyo kwa nyumba ile ambayo mbwa wake ndiye mlinzi wako. Kopo moja halikupunguzii kitu, na mtu aliyeonja asali ya mzinga fulani huuona mzinga ule kuwa na sehemu yake. Wachanja kuni na watoto wachungaji ndio wanaopita huko kila siku. Wasalimu, waulize habari, waachie namba yako ya simu. Wao ndio watakaoliona sega lililotupwa kabla yako.

Kwenye msitu wa serikali usitundike kimya kimya. Pitia chama cha jamii cha uhifadhi wa msitu na ofisi ya Huduma ya Misitu, upate kibali. Mzinga usio na kibali unakuweka pabaya mbele ya sheria, na ukiibiwa utaanza kwa kujieleza ulifikaje huko. Ndani ya chama, pangeni zamu ya kuizungukia mizinga yote pamoja, siku zisizotabirika.

Halafu nenda kwa wanunuzi. Hatua hii hufanywa na wachache, na naiona ina nguvu kuliko mnyororo. Asali ya wizi hujulikana: inanuka moshi mkali, ina jivu na vipande vya majana kwa sababu ilikamuliwa kwa haraka, imo kwenye dumu la mafuta ya kupikia, na muuzaji anataka taslimu sasa hivi kwa bei ya chini. Wauzaji wa Malindi mjini na Gede wanaitambua kwa harufu tu. Kikundi kiwaendee, kiwaonyeshe chapa yake, na wakubaliane kwamba mgeni akija na asali ya namna hiyo watawauliza wenye mizinga kwanza. Wakumbushe kwa upole kwamba Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 322, inampa anayepokea mali ya wizi akijua hadi miaka 14, ilhali mwizi wa kawaida, kwa kifungu cha 275, ni hadi miaka mitatu.

9. Ukishaibiwa

Usikanyage kanyage. Piga picha jivu, nyayo, alama za tairi na ncha za waya. Mwite mzee wa kijiji aone kwa macho yake, kisha chifu, kisha kituo cha polisi na picha zako za chapa, uondoke na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Wapigie wanunuzi asubuhi hiyo hiyo. Akipatikana mtu, wazee wanaweza kusikiliza na akalipa. Mambo mengi huku huishia hapo, na si vibaya. Lakini asipigwe. Kundi likishaokota mawe huna tena kesi ya mzinga.

Wakati watu wanazungumza, nyuki wako wanakungoja. Mzinga ukiibwa usiku wakabaki nyuki, watajikusanya kwenye tawi la karibu. Lete mzinga mwingine mtupu uliopakwa nta, utundike mahali pale pale, si hatua kumi pembeni, kwa sababu wanarudi walipopazoea. Yale majana yaliyotupwa chini yaokote kama hayajapigwa na jua, yakate kingo zilizosagika, yafunge kwenye pao kwa uzi wa katani au majani membamba ya mkindu, uyatundike ndani. Nyuki wakiona watoto wao wamo, wengi wataingia wenyewe jioni. Waliosalia kwenye tawi wakung'ute taratibu ndani ya mzinga huku ukitazama malkia yuko wapi. Uzi wenyewe watautafuna na kuutoa nje sega likishashikana na pao. Wape maji ya sukari siku chache, maana ghala lao limebebwa. Kazi hii iishe siku ile ile, kabla siafu hawajagundua yaliyo chini ya mti.